UZI: Simulesheni za kompyuta kwenye skuli zetu za shamba, mimi nasema zije baada ya mkono

Assalaam aleikum wadau.

Huu mjadala wa skuli za shamba kupelekewa kompyuta na projekta naufatilia muda mrefu na kila ukizuka naona watu wamegawika pande mbili, hawa wanasema ndio ukombozi huo, mtoto wa Micheweni sasa atasoma sawa na mtoto wa mjini, na wale wanasema pumbao tupu, hizo pesa bora zinunue madawa ya maabara. Mimi ni maalim wa fizikia huku Pemba upande wa kaskazini, na kemia nnafundisha pia pale ambapo mwalimu wake hayupo (na mara nyingi hayupo). Simulesheni, yani majaribio ya kuigiza kwenye skrini ya kompyuta, nnazitumia na nnazipenda kweli, ila namna ya kuzitumia nina msimamo ambao sijauona ukisemwa humu, kwa hio naomba niuweke kwa urefu, mwenye nafasi asome.

Msimamo ni kwamba simulesheni isitangulie. Kwanza mtoto aseme anadhani itakuwaje na aandike kwenye buku lake. Pili ashike kitu kwa mkono, hata kikiwa jiwe na uzi. Tatu ndio kompyuta iwashwe, na ikishawashwa yule mtoto awe na ruhusa kamili ya kuiambia kwamba hapa unasema uongo. Ukianza na kompyuta unapata darasa limenyamaza kimya linaangalia picha nzuri, wewe unafurahi unasema wamefahamu, kumbe wamefahamu kwamba duara la buluu linakwenda kulia.

Kwa wasiozijua hizi kitu, nyingi nnazotumia mimi ni za PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman ambaye mwaka mmoja nyuma yake alikuwa ameshachukua Nobel ya fizikia. Ni bure. Nyengi sasa kila moja ni faili moja unalidaunlodi mara moja, unaliweka kwenye flashi, linafunguka kwenye brauza bila bando wala intaneti, na baadhi zimeshatafsiriwa Kiswahili. Hili la faili ni muhimu kwetu kuliko watu wanavyodhani, maana kuna skuli zilipewa programu za zamani zilizokuwa zinaendeshwa na Flash na Adobe wakaacha kuihudumia Flash mwisho wa 2020, basi kompyuta ipo, CD ipo, ukibonyeza hakuna kitu. Anaepewa vifaa aulize mwanzo kabisa, hii inafunguka bila mtandao? Na miaka mitano mbele itafunguka?

Sasa nieleze kwa mifano maana maneno matupu hayasaidii.

Umeme. Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha pili globu mbili zimefungwa mstari mmoja kwenye jiwe la tochi, ipi itawaka zaidi, wengi watakwambia ya kwanza, kwa sababu karenti ikifika ya pili imeshaliwa kidogo. Hilo wazo lipo kila pahala duniani, sio ujinga wa watoto wetu. Nnawapa mawe mawili ya tochi, waya na globu ndogo, wanafunga wenyewe. Wanaona zimewaka sawa. Wanashangaa, lakini hawajui kwa nini, na hapo ndipo mkono unapofika mwisho wake maana elektroni haionekani. Sasa naifungua simulesheni ya saketi, wanaona vidude vya buluu vinakwenda ndani ya waya, idadi ile ile inaingia globu ya kwanza na ile ile inatoka, hakuna iliyoliwa. Hio ni kazi ambayo mimi na chaki yangu siiwezi, nimechora ubaoni miaka na mishale haitembei.

Lakini subirini. Siku nyengine tunafunga globu sambamba, kila moja na njia yake. Kwenye mawe ya tochi yaliyotumika tumika, ukiongeza globu ya pili ya kwanza inafifia kidogo, ya tatu ndio zaidi, darasa zima limeona kwa macho. Kwenye kompyuta unaongeza globu, ya kwanza haibadiliki hata chembe. Mtoto akinyoosha mkono akasema "maalim mbona hii haifanyi kama yetu" basi mimi siku hio nimefundisha. Kwa sababu kwenye simulesheni betri imewekwa haina ukinzani wowote ndani yake, yani hakuna kinachoizuia karenti, waya nao karibu na sifuri, mtu aliyeiandika kaamua hivyo ili iwe rahisi. Halafu nnawaonyesha kuna kitufe cha kuongeza ukinzani wa ndani wa betri, tunakivuta pole pole mpaka globu za kwenye kompyuta zinafifia kama zetu. Ule ukinzani wa ndani ambao kwenye kitabu ni herufi r ndogo ya kukariri, sasa wameutafuta wenyewe kwa sababu kompyuta ilikosea. Mwalimu aliyeanza na kompyuta hawezi kulipata swali hili, litoke wapi?

Nikubali jambo moja hapa maana najua kuna wasomi humu wataniletea. Kuna uchunguzi wa huko huko Colorado uliochapishwa 2005, kina Finkelstein, wakalinganisha wanafunzi wa chuo waliofanya maabara ya umeme kwa simulesheni na waliofanya kwa vifaa halisi, na wale wa simulesheni wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya ufahamu, na hata walipopewa waya halisi wafunge saketi waliwashinda wenzao. Ni kazi nzuri na siipingi. Lakini wale ni watu wa chuo kikuu, wana msaidizi wa maabara pembeni, na kila kikundi kina kompyuta yake. Mimi nna laptopu moja na darasa ambalo benchi la watatu wamekaa watano, na baadhi yao hawajawahi kufungua tochi ndani. Mtu ambae hajawahi kushika voltimita, ukimuonyesha picha ya voltimita hana pa kuishikiza.

Mfano wa pili ndio nnaoupenda kuliko yote, nao ni wa bamvua, yale maji makubwa ya bahari.

Vitabu na picha nyingi za kompyuta zinaonyesha dunia, mwezi uko pembeni, na maji ya bahari yamevimba upande unaoelekea mwezi na upande wa pili. Dunia inazunguka, ukipita kwenye uvimbe maji yamejaa, ukitoka yamekupwa. Picha inapendeza na inaeleza vizuri kwa nini maji yanajaa mara mbili kwa siku, na kwa nini jua na mwezi wakiwa mstari mmoja tunapata bamvua na wakiwa pembe mraba tunapata maji mafu. Hayo yote ni kweli. Nikawaambia darasa kabla hatujawasha, haya, siku ya mwezi mwandamo mwezi uko upande mmoja na jua, kwa hio saa sita mchana wote wawili wako juu yetu, tuandike maji yatajaa saa ngapi kwa mujibu wa picha hii. Wakaandika saa sita. Akainuka mwanafunzi mmoja wa kike, mama yake ana shamba la mwani, akasema maalim haiwezekani, siku za bamvua mama anashuka pwani asubuhi, saa nne maji yako mbali kabisa, na yanajaa kwenye saa kumi alasiri. Wavulana wanaokwenda dema na baba zao wakaanza kumuunga mkono, ndio maalim, bamvua kujaa ni saa kumi, saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na wasiwasi na jambo hilo, hata wale ambao kwenye fizikia hawanyanyui mkono mwaka mzima.

Na wako sahihi. Kwetu hapa mwambao mzima siku za mwandamo na mwezi mpevu maji hujaa kwenye saa kumi, yani masaa manne hivi baada ya mwezi kupita juu. Sababu ni kwamba ule uvimbe wa kwenye picha ungehitaji kukimbia kuufata mwezi dunia nzima, na ili wimbi lende kasi hio kwenye ikweta bahari ingetakiwa iwe na kina cha zaidi ya kilomita 20, wakati wastani wa kina cha bahari duniani haufiki hata 4. Tena kuna mabara yamekaa njiani, Afrika hii hapa. Kwa hio maji yanakwenda kama mawimbi makubwa yanayozunguka ndani ya mabeseni ya bahari, yanatingishwa na mwezi lakini yana mwendo wao, na kila pwani ina saa zake. Picha inaeleza nguvu inayovuta, haielezi maji yatafika kwenu saa ngapi.

Sasa jamani fikirini, mtoto wa mjini huko nje ambae hajui bahari ataiangalia ile picha ataikubali yote. Mtoto wa Pemba ambae tunasema kasoma skuli duni ndie pekee anaeweza kuisahihisha, kwa sababu maji yenyewe yanapita mlangoni kwao. Ndio maana nasema simulesheni isije kumfundisha mtoto asahau anachokijua, ije kukutana na anachokijua. Huo kwangu ndio moyo wa jambo zima.

Vile vile kivuli. Nnapigilia kijiti cha mita 1 uwanjani, wima, tunaangalia kivuli cha adhuhuri. Kitabu kinawaambia jua liko utosini kwenye ikweta 21 Machi, wao wanadhani na kwetu ni hivyo hivyo. Sisi tuko kama digrii 5 kusini, kwa hio kwetu kivuli kinapotea mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Mwisho wa Juni kivuli cha adhuhuri kinafika kama sentimita 55 na kimelala kusini, mwisho wa Disemba ni kama sentimita 33 na kimegeukia kaskazini. Watoto wote hawa wamepita chuo cha Kurani, wanajua kwamba wakati wa alasiri unaingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake ukiongeza kile cha adhuhuri, kwa hio kupima kivuli si jambo geni, ni fizikia waliyoanza nayo kabla ya mimi kuwaona. Siku ambayo kivuli kimepotea mchana, kivuli cha mita 1 kamili maana yake jua limeshuka digrii 45, masaa matatu baada ya adhuhuri, wanahesabu wenyewe na wanalinganisha na adhana. Baada ya hapo ndio naifungua Stellarium, programu ya kuonyesha anga, hio nayo ni bure na inafanya kazi bila mtandao, naiweka Chake Chake, nazungusha mwaka mzima kwa dakika chache wanaona jua linakwenda kusini na kurudi. Mwaka mzima siwezi kuwasimamisha uwanjani, hapo kompyuta imenisaidia kitu ambacho muda haunipi.

Pendulamu ni fupi, jiwe na uzi wa mita 1 kwenye tawi, mtikisiko mmoja unatoka kama sekunde 2. Kompyuta nnaitumia kuwapeleka mwezini tu, uzi ule ule unachukua karibu sekunde 5. Hapa duniani hakuna haja ya kompyuta.

*Naendelea, naona maswali yameshaanza kuingia, ntajibu hapa hapa.*

Aliyeuliza "maalim na mtihani wa taifa je, si unawapotezea muda". Mtihani wa kidato cha nne una karatasi ya vitendo ndugu yangu. Simulesheni haikufundishi kuinamisha jicho usawa na maji kwenye bureti, haikufundishi kufunga bomba lake kwenye tone lile lile linalogeuza rangi, na haikufundishi kwamba waya uliolegea ndio uliokuharibia majibu yote. Anaetaka kuondoa maabara kwa hoja kwamba kompyuta ipo anawaandalia watoto wetu kufeli karatasi hio, na nnalisema hili nikiwa mtu ambae kompyuta anazipenda. Nimeshakaa kwenye kikao nikasikia kiongozi mmoja anasema sasa bajeti ya kemikali tunaweza kuipunguza kwa kuwa mna projekta. Nilisikitika sana. Ukikosa asidi ya maabara kabisa chukua rozela, wengine wanaita choya, ichemshe, kamulia ndimu uone nyekundu inavyokoza, weka maji ya jivu uone inavyogeuka kijani, halafu ndio ufungue simulesheni ya pH, kile kipimo cha asidi, uwaonyeshe kilichotokea ndani kwa hesabu.

Aliyesema darasa la watu wengi na laptopu moja haiwezekani. Inawezekana lakini mwalimu asishike mausi. Nnamkalisha mwanafunzi mmoja, yeye haamui chochote, anafanya tu analoambiwa na darasa, na darasa haliruhusiwi kuamrisha mpaka kila mmoja ameandika utabiri wake. Wanabishana wee, wewe umesimama nyuma. Nnawaacha wabishane kwa Kiswahili, Kiingereza tunaandika mwisho kwa sababu mtihani ndio unataka hivyo, ila ukimlazimisha abishane kwa Kiingereza atanyamaza na utabiri wake utakaa nao moyoni usiujue. Pia mwanga, madarasa yetu yana matofali ya matundu na picha ya projekta mchana haionekani kabisa, tafuta pembe yenye giza, bandika karatasi nyeupe ndogo badala ya kutaka picha ijae ukuta, picha ndogo inayoonekana ni bora. Na laptopu ichajiwe usiku nyumbani, umeme ukikatika kati ya kipindi projekta inazima lakini laptopu inaendelea, wasogee makundi makundi.

Dada aliyeuliza kuhusu skuli ambayo umeme haujafika kabisa, mimi nakushauri usiumie roho. Hatua mbili za mwanzo, kutabiri na kushika, hazitaki umeme na ndizo zenye kazi kubwa. Hio ya tatu ukiipata mara moja kwa muhula kwa kuazima laptopu ya mtu yenye chaji inatosha sana, chagua mada ambayo kitu hakionekani kwa macho, yani elektroni, chembe za gesi, atomu. Usiipoteze kwenye mizani ya kubembea au kuelea na kuzama, kuelea na kuzama mtoto wa kisiwani anakujua kuliko aliyeandika programu.

Mwalimu wa kemia wa Chake aliyeuliza simulesheni ya utoneshaji. Kwa nini utafute? Wawi hapo kipo kiwanda cha makonyo, mvuke unapitishwa kwenye makonyo ya karafuu unatoka na mafuta, unapozwa, mafuta na maji vinatengana. Andika barua ya kuomba ziara. Harufu ile hawatoisahau, wakirudi darasani ndio uwaonyeshe chembe zinavyofanya kwenye kompyuta, utashangaa maswali watakayouliza.

Na wa baiolojia, ile ya uteuzi wa asili yenye sungura ni nzuri sana lakini ina mazingira mawili, ya theluji na ya ikweta. Fungua ya ikweta. Theluji kwanza utatumia nusu ya kipindi kuieleza theluji. Na kabla ya sungura waulize popo wa Pemba, yule mkubwa ambae hapatikani pahala pengine popote duniani isipokuwa kisiwa hichi, kwa nini yuko hapa na bara hayupo, waache waandike wanavyodhani. Majibu utakayopata mengi hayatakuwa kwenye kitabu, yasome yote kabla hujawasha kitu. Mimi baiolojia sio somo langu, kama kuna mwalimu ameshaijaribu hii ya popo na sungura pamoja aje aeleze darasa lilikwendaje, nataka kuijaribu na mwenzangu muhula ujao inshallah.